Vitabu vya Kale Visiuzwe kwa Kilo

Nakuomba uketi kitako, kwani niliyo nayo leo si ya kusomwa ukiwa umesimama kwenye foleni ya uji.

Shule moja ya kaunti yetu hii ya Kilifi, ambayo jina lake nalitia kibindoni, iliamua kusafisha maktaba yake. Mtaala umebadilika, vitabu vipya vinakuja, rafu zimejaa. Basi vile vikuukuu vikatolewa nje, vikafungwa kwa kamba ya katani, vikauzwa kwa mnunuzi wa karatasi. Kwa kilo! Kama vyuma vibovu! Hakuna aliyefungua hata kimoja kutazama ni kitu gani. Siku chache baadaye nilinunua bajia za shilingi 20 nikakabidhiwa zimefungwa kwa ukurasa wenye jina la East African Literature Bureau, lile shirika lililoanzishwa mwaka 1948, lililowachapishia babu zetu vitabu chungu nzima vya Kiswahili. Bajia nilizila, sikatai. Lakini zilinikwama.

Msimamo wangu ni huu: kukusanya na kuhifadhi vitabu vya kale vya historia na utamaduni wetu, na hasa chapa zake za kwanza, ni kazi yetu sisi vijana wa pwani, wala si mchezo wa wazee wa Kizungu wenye pesa na wakati. Na tusipoifanya sisi, itafanywa na wengine, kwa faida yao.

Najua kuna atakayeniambia, "We nawe, kitabu kikizeeka si kinachapishwa kingine? Maneno si ni yale yale?" Hapana, bwana. Maneno si yale yale kila mara. Tazama chapa ya kwanza ya riwaya ya Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964. Jina la mwandishi juu ya jalada ni James Ngugi. Tafuta iliyochapishwa miaka ya baadaye, utakuta Ngugi wa Thiong'o. Baina ya majalada hayo mawili mna historia nzima ya mtu aliyelitupa jina la ubatizo na kurudi kwa lugha ya mama yake. Mwanafunzi aliyeona jalada jipya peke yake hatajua kwamba kuna jambo lilitokea.

Au chukua Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kuhusu watawala wa Usambaa. Kilichapwa na wamisionari kwa sehemu tatu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Kikachapishwa tena mwaka 1962, nusu karne na zaidi baadaye. Sasa nauliza: kama hapangekuwa na mtu aliyeiweka nakala ya mwanzo isiliwe na mchwa, hiyo ya 1962 ingechapwa kutoka wapi? Hewani?

Halafu kuna lugha yenyewe. Sisi leo tukisema "chuo" tunawaza chuo kikuu, mabasi na mkopo wa serikali. Katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu, na ndiyo maana mtu wa elimu akaitwa mwanachuoni. Utenzi maarufu wa vita vya Herekali uliitwa Chuo cha Herkal, ilhali hamna darasa wala bweni ndani yake. Maana ya aina hii huipati katika vitabu vya mtihani. Unaipata kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Mwenzangu Mgiriama, je, unajua kwamba mwaka 1891 kulichapishwa London kitabu cha msamiati wa Kigiriama? Mwandishi wake aliitwa W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa pwani hii akakijua Kiswahili kuliko wengi wa wageni wenzake. Mwaka huohuo akatoa pia kitabu kikubwa cha methali za Kiswahili. Na Mrabai, je? Johann Krapf alifungua kituo Rabai mwaka 1846 pamoja na mwenziwe Rebmann, na leo pale pana makumbusho. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Maneno ya Wadigo, Warabai, Wagiriama na Waswahili wa Mvita yamelala katika vitabu hivyo zaidi ya miaka 130, na mengine hata nyanya zetu hawayatumii tena. Wangapi kati yetu tumewahi kukiona kimoja kwa macho? Mimi nimeona picha tu.

Hapa lazima niseme ukweli mwingine, maana rafiki yangu mmoja wa darasa tulishindana naye usiku kucha. Yeye anasema vitabu hivyo vina dharau. Vinatuita washenzi, vinahukumu dini zetu, vinasifu serikali ya mkoloni. "Vichomwe tu," akasema. Kuhusu dharau hakukosea. Hata Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934 na kuandikwa na mwana wa pwani ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, kimelaumiwa kwa kumsifu Mwingereza kupita kiasi. Lakini ukikichoma, utawaonyesha wadogo zako nini kuthibitisha kwamba dharau ile ilikuwepo? Isitoshe, waliosema maneno yaliyomo ni wazee wetu. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844 alikuwa na Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Taylor alikuwa na Mwalimu Sikujua. Mzungu aliandika jina lake juu, lakini elimu ilitoka kwa wenyeji, na ukikitupa kitabu umewatupa na wao.

Huyo Mwalimu Sikujua acha nimkalie kidogo, kwani nadhani ndiye anayefaa kuwa mlezi wa jambo hili ninalolidai. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, alifariki mwaka 1840. Tungo zake hazikuwa kitabu. Zilikuwa vinywani mwa watu. Sikujua alizikusanya kwa wale waliokuwa wakizikumbuka, akaziandika, Taylor akazipokea na kuzifanyia maelezo. Sikujua mwenyewe akafa mwaka 1890. Karatasi zikahama Uingereza, na mwaka 1940 ndipo William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka huko Afrika Kusini. Hesabu: miaka 100 kamili tangu kifo cha mshairi! Kama mwalimu yule angaliona tungo za zamani ni mambo ya kupitwa na wakati, leo tungekuwa tunalitaja jina la Muyaka bila mashairi yake. Na sisi tunaosoma ushairi darasani tunamdai shukrani ambayo hatujawahi kumpa, hata jina hatulijui.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Habari za Pate, ile tarehe ya masultani wa Nabahani, inasemekana kitabu chake cha asili kiliangamia Waingereza walipoupiga Witu mwaka 1890. Zilizobaki ni nakala zilizotokana na kumbukumbu za watu, na nakala hazipatani. Wanahistoria wanagombania miaka na majina mpaka leo, kwa sababu ya moto wa siku moja.

Na vilivyosalimika, viko wapi? Krapf alipeleka tenzi za mkono Halle, Ujerumani, mwaka 1854. Miswada aliyoinakili Muhamadi Kijuma wa Lamu, kwa hati nzuri ya kupendeza, iko London na Ujerumani. Afadhali kidogo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako J. W. T. Allen alisaidia kukusanya miswada mingi, orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Siwalaumu waliohifadhi huko ng'ambo. Bila wao pengine tusingekuwa nayo, na mingine sasa imepigwa picha, mtu anaweza kuisoma kwa mtandao. Ila inaniuma kwamba mtoto wa Takaungu au Mambrui akitaka kushika mkononi waraka wa kwao itambidi aombe viza.

Tunalijua hili sisi wa Kilifi kuliko wengine. Vigango vyetu vilichukuliwaje? Kimoja kimoja, usiku, makaburini, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, halafu vikatokea katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi mwaka 2007, baada ya wataalamu kuvifuatilia kwa miaka. Makumbusho ya Denver nayo ikaachilia 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Safari ya kurudisha ni ndefu hivyo kwa kitu ambacho kila Mmijikenda anakiheshimu. Je, kitabu, ambacho mwenyewe anakiona mzigo? Mtalii mmoja mwenye jicho akiingia duka la vitu vya kale pale mjini Malindi akakuta kitabu cha mwaka 1913 kimewekewa bei ya soda mbili, atalipa, atatabasamu, na hatutakiona tena. Wala hajaiba. Tumemuuzia.

Mtu wa kuigwa tunaye humu humu nchini. Joseph Murumbi, aliyezaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kwa miezi michache ya mwaka 1966 kisha akajiuzulu. Wengi wanamkumbuka kwa hilo, wakishamkumbuka. Mimi naona kazi yake kubwa ni nyingine. Alikusanya vitabu. Alivitafuta katika maduka ya London na kwingineko, hasa vile vya zamani kuhusu Afrika, hata akawa na zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Elfu nane! Miaka ya 1970 alipoamua kuviachia, watu wa nje walikuwa tayari kununua. Akaiuzia serikali ya Kenya, na leo viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi. Mwanafunzi yeyote akipita Nairobi anaweza kuingia. Tunaenda ziara Nairobi kila mwaka, tunapelekwa kuona simba na uwanja wa ndege. Kwa nini tusipelekwe pale?

Mtaniambia Murumbi alikuwa mkubwa, na sisi pesa ya sabuni inatushinda. Kweli, Krapf wa 1882 akiuzwa leo ana bei ya kumtoa mtu jasho. Lakini sikusema tuanze na Krapf. Vitabu vya kuongoza wageni Gede alivyoandika James Kirkman, aliyeuchimba mji ule kuanzia mwaka 1948, bado vimo majumbani mwa watu. Vipo vitabu vya mashairi, magazeti ya misikiti na makanisa, vitabu vya kwanza vya hadithi vya miaka ya 1950 na 1960. Babu zetu waliokuwa walimu na makarani wanavyo chini ya vitanda. Ukikiona, fungua kurasa za mwanzo, tazama nyuma ya ukurasa wa jina: kimechapwa lini, na nani, wapi. Kukiwa na mwaka mmoja tu na hakuna neno la kuchapwa tena, huenda umeshika chapa ya kwanza. Mwaka usipokuwepo, mwonyeshe mwalimu kabla hujakipa mtu.

Kutunza nako si lazima mashine. Adui wa hapa petu ni hewa ya bahari, mchwa, na vile vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kurasa. Kitabu kisiegemee ukuta, hasa wa udongo au matumbawe, maana ukuta hunyonya maji. Kiinuliwe kutoka chini. Kifunguliwe mara kwa mara kipate hewa, lakini si juani, jua hula wino. Na tafadhalini sana, msibandike ile karatasi ya gundi ya kunata! Baada ya miaka michache inageuka kahawia na kung'oa maneno pamoja nayo. Wala usiandike jina lako kwa kalamu ya wino, hata ukiwa wewe ndiwe nahodha wa mpira.

Ninaloliomba kwa chama chetu, basi, ni dogo. Lile kabati la vioo lililo nyuma ya maabara, ambalo sasa limewekwa vikombe vya riadha vya zamani na chupa moja ya nyoka, tupewe rafu mbili tu. Kuwe na daftari la kuandikia kila kitabu: jina lake, mwaka, kimetoka kwa nani, na kama mwenyewe anakitoa moja kwa moja au anakiazima. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekisoma akisomee palepale, mikono safi, bila chai. Kabla maktaba yetu haijatupa kitabu chochote, wanachama wawili wakikague kwanza. Na mwenye babu anayekataa kuachia kitabu chake asilazimishwe. Tumwendee, tumsalimu vizuri, atusomee yeye mwenyewe, nasi tuandike.

Nimeshamuuliza mwalimu mlezi kuhusu ufunguo wa kabati. Amejibu kwamba tulete vitabu kwanza, ufunguo atautafuta. Mkutano ni Ijumaa baada ya vipindi, chumba cha jiografia.