Lugha Ijengwayo kwa Lugha Yake

Juzi niliijenga lugha ya programu iitwayo Go kutoka msimbo wake wa asili, katika FreeBSD. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015, mfasiri wake, yaani kompaila, ameandikwa kwa Go yenyewe. Huijengi Go bila Go iliyotangulia. Ukifuata nasaba utafika toleo la 1.4, ambalo kompaila yake iliandikwa kwa C. C ilibeba mimba, ikajitenga.

Kiingereza nacho, naona, kitufae hivyo katika istilahi za kompyuta: mara moja, kisha Kiswahili kifasiriwe kwa Kiswahili, kama ilivyofanya Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mbona basi orodha zetu za istilahi hizo zingali zikianza na safu ya Kiingereza?