Mapafu Wanayajua, Waonyesheni Mwindaji

Kwa walimu wetu na wazazi wenzangu wa Likoni,

 

Nasikia mwaka huu tena ataalikwa daktari shuleni aje na picha za mapafu yaliyoozeshwa na sigara. Aje, karibu sana. Lakini vijana wa huku Florida walikwishachoshwa na picha hizo zamani. Mwaka 1997 jimbo hili lilizibana kampuni za sigara kwa kesi hadi zikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 11. Sehemu ya fedha hizo ikatengewa kampeni ya kuwaepusha vijana na sigara, na Machi 1998 mamia ya wanafunzi wakakutana Sebring kuipanga wenyewe. Kwamba sigara inaua walikuwa wakilijua. Kilichowachoma ni kujua kwamba kuna watu wazima ofisini wanaopiga hesabu ya kuwanasa.

Na hesabu hiyo ipo kwa maandishi. Waraka wa ndani wa kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds wa 1984 ulisema vijana ndio chanzo pekee cha wavutaji wa kuziba pengo la wanaoacha na wanaokufa. Walijitetea kwamba walimaanisha wa miaka 18 kwenda juu. Haya, tuseme ndivyo. Basi yule ngamia wa katuni wa matangazo ya sigara zao za Camel alikuwa wa nani? Utafiti wa 1991 ulikuta watoto wa miaka sita wanamtambua sawa na Mickey Mouse!

Watoto walipoelewa kwamba wanawindwa, hasira ilifanya kazi ambayo hofu ilishindwa. Miongoni mwa wanafunzi wa madarasa ya kati wa Florida, wavutaji walishuka kutoka asilimia 18.5 mwaka 1998 hadi 11.1 mwaka 2000.

Kwetu Kenya sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza moja moja. Lakini kioskini sigara inachomolewa kwenye pakiti iliyo kando ya mkebe wa peremende. Mtoto hana pesa za pakiti; za sigara moja hakosi. Siku hizi kuna na vile vifuko vya nikotini vyenye ladha tamu, visivyotoa moshi wala harufu ya kumshtua mzazi.

Ombi langu ni hili: waachieni wanafunzi wazunguke mitaa inayozunguka shule, wachore ramani ya kila penye sigara za moja moja na kila bango, kisha waipeleke wenyewe kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi. Hotuba msiwaandikie. Mwenye kioski naye ni jirani, anatafuta riziki. Wanafunzi wamwamkie kwanza, na asidhalilishwe mbele ya wateja.

Mei 31 ni siku ya kupinga tumbaku duniani. Badala ya fulana za maandamano, fedha za kununulia karatasi na kalamu na za kuchapisha ramani nitatuma mimi. Niambieni mapema tu ni nani atakayezipokea.

Wenu,
Mzazi mwenzenu, Tampa