Unauza 504 ambayo haijaisha? Soma hii kwanza

Hadithi ni ile ile. Mtu ananunua Peugeot 504 kuukuu, analifungua lote, anakata kutu, halafu karo za shule zinafika. Gari linakaa juu ya mawe miaka mitatu. Siku ya kuuza anajumlisha risiti zote, na jumla hiyo ndiyo bei.

Jameni, mnunuzi hanunui risiti zako! Yeye anahesabu kazi iliyobaki: rangi, nyaya, viti, injini ambayo hajaisikia ikinguruma. Halafu anapunguza tena kwa sababu ya woga. Hapo kwenye woga ndipo unapoweza kuokoa pesa.

Sisi waandika programu tunaujua woga huo. Ukikabidhiwa programu ya mtu mwingine bila maelezo, unatamani kuifuta uanze upya. Boliti zote zikiwa zimechanganywa ndani ya mkebe wa rangi, ni yale yale. Kwa hivyo tia vifaa katika mifuko, andika kila mfuko una nini, toa picha ulizopiga ukifungua, na orodhesha kinachokosekana. Sema kama injini ni ya kabureta au ya kupuliza mafuta. Sema pia ni saluni au ni wagoni, kwa maana ekseli ya nyuma si moja, ingawa wauzaji wa Kirinyaga Road wanaweza kukuapia kwamba zinaingiliana.

Halafu kuna logbuku. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo bodi iliyosajiliwa hapa, yenye nambari ya chesisi inayolingana na logbuku, ni mali. Bila logbuku unauza spea tu.

Na kuuza vipande vipande? Milango leo, gia kesho? Pesa huja haraka, sikatai. Lakini mimi ningekubali bei ya chini kutoka kwa mtu mwenye gereji na subira. Gari hili lilitoka 1968, likashinda Safari Rally 1975 na 1978, likaunganishwa Mombasa, na wagoni zake zikabeba abiria hadi mashambani. Bodi ikishakatwa, imekwenda.

Mkikubaliana bei, hamisheni umiliki kwenye eCitizen kabla gari halijatoka uani.