Mtoto Naye Hupata Presha

"Mtoto wa miaka minane apate presha? Ana mawazo gani?" Nimeyasikia haya kwa wazazi na kwa walimu. Linaloniuma zaidi, nimeyasikia kwa wahudumu wa afya wenye kipimo mezani. Ni imani potofu, na inaua watoto.

Wanaoishikilia wanadhani presha ni ya uzee, unene na msongo wa mawazo tu. Basi wautazame ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908. Kinga ya mwili huugeukia mshipa mkuu utokao moyoni pamoja na matawi yake. Kuta zake huvimba, hunenepa, na njia ya damu husinyaa. Tawi la figo likibanwa, figo hupata damu haba na kudhani mwili mzima umepungukiwa. Hapo humwaga renini, kichocheo cha kupandisha shinikizo la damu, na presha hupanda kwa mtoto mwembamba kama ufito.

Mtoto huyo huumwa kichwa, huchoka, huhema. Siku moja huanguka kwa degedege. Nyumbani watasema karogwa; zahanati wataandika malaria au kifafa. Malaria ipimwe, sikatai. Lakini mtoto wa umri wa shule anapata degedege bila homa, na hakuna aliyempima presha? Huo ni uzembe, tusiupambe kwa jina jingine.

Hata anayepima anaweza kukosea. Mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha namba, mkubwa mno huishusha, kwa hiyo mkanda wa mtu mzima unaweza kuificha presha ya mtoto. Na kwa Takayasu, mkono ambao mshipa wake umebanwa husoma chini ilhali presha ya kweli iko juu. Ipimwe mikono yote miwili, na miguu pia. Tena 130/85, ambayo kwa babu yake ingepita kimyakimya, kwa mtoto wa miaka 6 ni hatari.

Dawa za kutuliza kinga zipo, za presha zipo, na mshipa uliobana mara nyingine huweza kupanuliwa. Madaktari wa watoto wa Marekani waliagiza mwaka 2017 kwamba kila mtoto apimwe presha kila mwaka kuanzia miaka 3. Sisi tunasubiri nini? Mama, baba, mkifika kliniki ombeni mtoto apimwe. Mkijibiwa kwamba watoto hawapimwi presha, msiondoke.