Umetafuta kwa jina gani?

Mwezi uliopita nilimpelekea mwalimu anayesimamia memwari yangu sura ya kwanza. Memwari yenyewe inahusu namna Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini kabla tahajia yake haijasanifiwa. Kwenye ukurasa wa 9 niliandika, bila aibu, kwamba majarida ya Marekani ya karne ya 19 hayakuishughulikia lugha hii hata kidogo. Ushahidi wangu? Siku mbili za kutafuta kwenye intaneti, mega zangu zote za wiki, na jibu lile lile kila mara: hakuna. Mwalimu hakusahihisha kitu. Aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Umetafuta kwa jina gani?"

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilitafuta kwa "Swahili", kisha kwa "Kiswahili". Lugha ina jina lake, basi. Ilinichukua siku tatu kutambua kichekesho chenyewe: mimi ninayeandika juu ya tahajia ambazo hazijasanifiwa, niliitafuta lugha yangu kwa tahajia sanifu peke yake.

Jina lililonifungulia mlango ni "Sooahelee". Katika juzuu la kwanza la jarida la American Oriental Society, toleo la 1847, zimechapwa sura tatu za kwanza za kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, tafsiri ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, pamoja na utangulizi wa W. W. Greenough. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa, na yalipigwa chapa Marekani. Kumbe ukurasa wangu wa 9 ulikuwa na kosa la karibu miaka 180.

Angalia hilo jina vizuri. Anayeandika "oo" kwa sauti ya u, na "ee" kwa sauti ya i, anaandika kwa sikio la msomaji wa Kiingereza. Mwaka 1850, sarufi ya Krapf ilipotoka Tübingen, lugha hiyo hiyo iliitwa Kisuaheli katika jina la kitabu. Kamusi yake ya 1882 inasema Suahili. Mtafsiri mmoja, lugha moja, majina matatu. Kompyuta haijui kwamba ni ndugu. Wewe uliyesoma fonolojia unajua, au ungepaswa kujua.

Wengine wataniuliza Wamarekani wa wakati ule walikuwa na shughuli gani na Kiswahili. Walikuwa na biashara. Sayyid Said wa Zanzibar na Oman alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 akaja konsuli wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe na sandarusi, zikaleta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Kitambaa hicho kiliingia bara na misafara mpaka huku kwetu upande wa Tanganyika na Maniema, na jina lake pamoja nacho. Kwa hiyo mtu anayefuata njia ya neno merikani hawezi kuishia Mombasa. Lazima afike na Salem, na Salem atakayoikuta leo iko ndani ya magazeti na majarida ya zamani.

Sasa niseme ninalotaka kusema. Katika fakulte yetu tunafundishwa kutafuta kama vile kutafuta ni kuandika neno kwenye kisanduku na kubonyeza. Jibu likiwa sifuri, tunaandika kwamba kitu hakipo. Nimesoma memwari za wakubwa zetu kwenye rafu (sitazitaja, waandishi wake wengine sasa wanatufundisha), na sentensi ya "hakuna utafiti uliofanywa juu ya" inarudi karibu katika kila utangulizi. Najiuliza ni ngapi kati ya sentensi hizo ni ukurasa wa 9 kama wangu.

Kabla ya kisanduku kulikuwa na faharasa, na iliyonifaa zaidi ilianzishwa na mwanafunzi. William Frederick Poole alikuwa akisoma Yale na kutunza maktaba ya chama cha wanafunzi, Brothers in Unity. Wenzake walikuwa wakija kuomba makala za kuwasaidia katika midahalo, naye akaona majarida yamejaa rafuni lakini hakuna anayejua ndani yake mna nini. Akayapitia, akapanga makala kwa mada, na mwaka 1848 orodha yake ikachapwa akiwa bado mwanafunzi. Toleo kubwa la 1882 lilikuwa kazi ya wakutubi wengi wa Marekani na Uingereza, waliogawana majarida ya kusoma. Nyongeza ziliendelea mpaka mwanzo wa karne ya 20. Leo mtu anaweza kuzisoma bure kwenye Internet Archive.

Faida ya Poole ni kwamba mtu alisoma kichwa cha makala na kuamua kiko chini ya neno gani. Ukifungua kwenye "Africa" au "Zanzibar" au "Congo", unakuta vitu vilivyokusanywa pamoja ambavyo kisanduku kisingeviunganisha kamwe. Lakini ina miiba yake. Inafupisha majina ya majarida, na inakupa juzuu na ukurasa bila mwaka. Hapo unapiga hesabu mwenyewe. Harper's New Monthly Magazine, kwa mfano, lilianza Juni 1850 na lilikuwa na majuzuu mawili kwa mwaka. Basi juzuu la 41 linaanza Juni 1870. Kuna majarida yaliyobadili hata jina. Scribner's Monthly lililoanza Novemba 1870 liligeuka kuwa The Century mwezi wa Novemba 1881, likaanza hesabu mpya ya majuzuu huku likiendeleza ya zamani. Asiyejua hilo atatafuta jarida moja katika rafu mbili, na kukosa zote.

The Century linatuhusu moja kwa moja. E. J. Glave, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi chini ya Stanley kule Lukolela, alirudi miaka ya 1893 hadi 1895, akakata bara kutoka mashariki, akapita Maniema na kushuka na mto, akafia Matadi mwaka 1895. Jarida lilichapa sehemu za daftari zake baada ya kifo chake. Ile ya Septemba 1897, juu ya ukatili katika Dola Huru ya Kongo, ilisomwa na Wamarekani wakati wengi wao hawakuwa wamesikia kitu juu ya mpira na mijeledi. Mwanafunzi wa historia ataisoma kwa ajili ya ukatili huo, na ana haki. Mimi ningependa mmoja wetu aisome kwa ajili ya majina ya mahali na ya watu, yalivyosikika na kuandikwa njiani. Lakini asitafute "Kisangani". Atafute Stanley Falls. Na anayeshughulika na Tshiluba akumbuke kwamba kamusi ya Morrison ya 1906 iliita lugha hiyo Buluba-Lulua. Aanze na jina hilo akienda kwenye barua za wamisionari wa Luebo, waliofika huko mwaka 1891.

Rafiki yangu mmoja, mwenye kinasa sauti kizuri kuliko changu, ananicheka. Anasema lugha za Afrika ziko vijijini, haziko Boston, na kwamba majarida yale yanatutukana kila baada ya mistari kumi. La pili ni kweli. Kuna siku nilifunga simu nikatoka nje kupunga upepo. La kwanza ni kweli nusu. Wazee wa leo watampa matamshi ya leo. Hakuna mzee atakayemweleza matamshi ya 1844. Yule Mjerumani aliyekosea tahajia ametuachia kosa linaloonyesha alichosikia, na kosa la namna hiyo ni data kama data nyingine.

Halafu kuna mambo ya mfuko. Mkusanyo mkubwa wa majarida ya Marekani uliopigwa mikrofilmu sasa unauzwa kwa vyuo kwenye intaneti, na sisi hatumo. Tusikae kuulilia. JSTOR ilifungua mwaka 2011 makala za Marekani za kabla ya 1923 kwa mtu yeyote, na Sooahelee wangu yumo. Majarida ambayo Cornell na Michigan waliyapiga picha katika mradi wa Making of America yanasomwa bure. HathiTrust mara nyingi haitakuruhusu kushusha juzuu zima kama chuo chako si mwanachama, lakini itakufungulia ukurasa mmoja mmoja. Ushauri wangu kwa wenye mega chache: kwenye Internet Archive soma kwanza maandishi matupu, ni mepesi, kisha fungua picha ya ukurasa ule tu unaotaka kunukuu. Picha usiiache. Mashine iliyogeuza picha kuwa herufi ilijifunza Kiingereza. Ikikuta neno la Kibantu inalipinda, au inalikata mwisho wa mstari, na wewe utajenga hoja ya fonolojia juu ya kosa la mashine.

Naiomba fakulte vitu viwili. Kozi ya mbinu za utafiti ya mwaka wa kwanza itoe angalau masomo mawili kwa faharasa za zamani, kwa mazoezi, si kwa kunakili ufafanuzi wa neno "faharasa". Na maktaba yetu iweke daftari moja, la karatasi, lisilotegemea umeme, ambamo kila anayemaliza memwari ataandika majina yote ya zamani ya lugha, mto, mji na kabila aliyokutana nayo, pamoja na jarida na mwaka. Wenzetu wa Yale walifanya zaidi ya hapo mwaka 1848, tena kwa taa ya mafuta.

Mimi nimeshaanza langu. Hadi sasa lina maumbo kumi na moja ya jina la Kiswahili, na matatu kati yake sijui yalitoka kinywani mwa nani. Nimelibandika nyuma ya mlango wa chumba changu. Ukurasa wa 9 nimeuandika upya, na mwalimu ameurudisha na swali lingine la kalamu nyekundu: "Na Zanguebar?" Leo jioni narudi kwa Poole, herufi ya Z.