Matope ya Mikoko Yanasingiziwa

Ukishuka mikokoni kule Gazi, Kwale, maji yakiwa yamepwa, mguu huzama hadi gotini, na ukiuchomoa hutoka na tope jeusi linalonuka mayai viza. Matope haya yamezushiwa mengi. Nayajibu matatu.

"Kaboni imo kwenye miti, matope ni matope tu."
Katika misitu mingi ya mikoko mambo ni kinyume: sehemu kubwa ya kaboni imelala chini. Jani likianguka shambani, vijidudu hulimaliza upesi kwa sababu hewa ipo. Likizama kwenye tope lililoshiba maji, oksijeni haifiki, kuoza kunazorota, na tope jipya linalifunika. Anayehesabu boriti peke yake amehesabu faida akausahau mtaji.

"Maeneo oevu hutoa methani, basi heri yakaushwe."
Nusu ya kwanza ni kweli: kati ya vyanzo vya asili vya methani, maeneo oevu ndiyo yanayoongoza. Ila hayalingani. Maji ya bahari yana salfeti, na bakteria wanaoitumia huwapokonya chakula wale wanaotengeneza methani. Gesi wanayoitoa ndiyo hiyo inayonuka mayai viza. Kumbe harufu inayokukera ni dalili kwamba methani imebanwa, ingawa haikwisha kabisa.

Kwenye maji baridi, kama vinamasi vya bonde la Kongo, kizuizi hicho ni dhaifu na methani hutoka kwa wingi zaidi. Hata huko, kukausha si dawa. Methani hudumu angani kwa takriban miaka 12. Udongo uliokaushwa, kwa upande wake, huoza na kutoa hewa ukaa mwaka baada ya mwaka, na sehemu ya hewa hiyo hubaki angani kwa karne nyingi. Indonesia ilijaribu katikati ya miaka ya 1990: mifereji ilichimbwa Kalimantan kukausha vinamasi vyenye mboji nene ili pawe mashamba ya mpunga. Mpunga haukufana, na mwaka 1997 mboji iliyokauka ikashika moto.

"Tukiharibu, tutapanda miche."
Mche huota ukipandwa panapoufaa. Ukichomekwa mahali ambapo maji hayapwi vya kutosha, hufa. Lakini tuseme yote imeshika. Miti itarudi baada ya miongo michache. Tope halina haraka hiyo. Mboji ya vinamasi vya Kongo ya kati, ambayo utafiti wa mwaka 2017 uliikadiria kubeba tani bilioni 30 hivi za kaboni, ilianza kujikusanya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na hakuna kitalu kinachootesha mboji. Mwenye miche yake na aipande, ila kwanza azuie mfereji wa kukaushia usichimbwe.