Ritifaa Moja, Misimbo Mitatu: Jukumu la Mwanaisimu katika Tarakilishi

Ni jambo lisilopingika kwamba Kiswahili sanifu kilibahatika katika safari yake ya kuingia kwenye tarakilishi. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisimamia tahajia ya herufi za Kirumi zisizo na alama za juu wala za chini. Kwa hiyo, jedwali la ASCII lililotolewa mwaka 1963, lenye nafasi 128 tu na lililoundwa kwa mahitaji ya Kiingereza, lilikitosha Kiswahili bila ya kukusudia. Gĩkũyũ hakikupata bahati hiyo, kwani irabu zake ĩ na ũ hazikuwa na nafasi humo. Hata hivyo, bahati hiyo imewalaza usingizi wapenzi wengi wa Kiswahili, wakaamini kuwa majedwali ya misimbo ni kazi ya wahandisi pekee. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi umo katika alama ndogo mno: ritifaa ya ng'.

Tarakilishi haijui herufi, inajua nambari. Kila alama hupewa nambari yake, na programu hutazama katika jedwali iwapo nambari hiyo ni ya herufi, ya tarakimu au ya alama ya uakifishaji. Katika Unicode, mfumo ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ritifaa huweza kuandikwa kwa misimbo mitatu inayokaribia kufanana machoni: 0027, iliyonyooka, ya kibodi, 2019, iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, na 02BC. Miwili ya kwanza imeainishwa kuwa alama za uakifishaji. Wa tatu pekee ndio ulioainishwa kuwa herufi. Matokeo yake ni kwamba neno "ng'ombe" lililoandikwa kwa msimbo mmoja huenda lisipatikane likitafutwa kwa mwingine. Aidha, orodha ya maneno ikipangwa kwa nambari tupu, ng'ombe wa 0027 humtangulia "ngalawa", ilhali ng'ombe wa 2019 husukumwa nyuma ya "nguzo".

Uzito wa suala hili hudhihirika zaidi nyanjani. Chukua mfano wa mtafiti anayekwenda Majoreni, Kwale, kurekodi ngano za Kivumba, lahaja ambayo H. E. Lambert alichapisha maelezo yake mwaka 1957. Daftari la karatasi lilivumilia alama yoyote, kwa kuwa msomaji wake alikuwa jicho la binadamu. Mtafiti wa leo huchapa. Ataitumia ritifaa kwa ng'. Ataitumia tena kuonyesha mpumuo pale anapousikia, ili kulitenga kaa la moto na k'aa wa baharini. Kisha ataitumia kwa sauti iliyodondoshwa, kama katika "n'kaenda". Nusu ya kazi ataichapa kwa simu na nusu kwa tarakilishi ya idara. Matini hiyo ikifika chuoni, alama moja ina kazi tatu na misimbo miwili. Mtafiti atakayeifuata atapekua, atapata nusu ya maneno, na huenda akahitimisha kuwa nusu nyingine haikuwahi kusemwa. Kwa lahaja yenye matini chache zilizohifadhiwa, hiyo ni hasara kubwa.

Dawa ipo, na si ghali. Unicode ina nafasi 1,114,112. Kulipa kila moja mstari wake katika jedwali moja refu ni kupoteza kumbukumbu ya mashine. Ndiyo maana wabunifu huzigawa, kwa mfano katika mafungu 4,352 ya nafasi 256: jedwali la kwanza huelekeza kwenye fungu, la pili kwenye alama, na mafungu yanayofanana hutumia nakala moja. Katika mpangilio kama huo, kuongeza kanuni inayoilinganisha misimbo mitatu ya ritifaa inapofuata "ng" ni kazi ya mistari michache.

Huenda mtu akasema kuwa ni rahisi zaidi kuifuta ritifaa kabla ya kutafuta. Njia hiyo ya mkato ni ya haraka, lakini hulichanganya "ng'oa", yaani kutoa kitu kilichopandwa au kukitwa, na "ngoa", yaani wivu. Mhandisi asiyejua Kiswahili hataiona hasara hiyo. Ni mwanaisimu anayepaswa kumwambia kipi kiunganishwe na kipi kitengwe.

Kwa mintarafu hii, idara za Kiswahili hazina budi kukubaliana juu ya kanuni moja. Katika matini zinazohifadhiwa, ng' iandikwe kwa 02BC, kwa sababu hapo ritifaa ni sehemu ya herufi. Udondoshaji upewe 2019. Na mpumuo upewe h ndogo ya juu, yenye msimbo 02B0. Mwandishi wa kawaida aendelee kutumia kibodi yake, na kanuni za ulinganisho zimfanyie kazi ya kubadilisha ng' yake. Hali kadhalika, kila matini ya nyanjani iambatane na ukurasa mmoja unaoeleza alama zilizotumika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, kwa sasa, una upana wa ritifaa tu.